Uchaguzi wa Njia Usingoje Kidato cha Nne



Kila mwaka mwanafunzi wa Kidato cha Nne, awe wa Kishapu au wa Nyang'hwale, hukabidhiwa fomu ya uchaguzi, ile iliyozoeleka shuleni kwa jina la Selform. Hutakiwa aandike tahasusi anazotaka kuzisoma Kidato cha Tano, na vyuo anavyotaka kwenda. Mara nyingi hukaa na fomu hiyo siku mbili tatu, akamwuliza mwenzake wa dawati moja, kisha akaandika. Baada ya hapo wakubwa husema kwamba kijana amechagua.

Ukweli ni kwamba siku hiyo hakuchagua. Mambo mengi aliyoyaandika yalikwisha kuamuliwa miaka miwili kabla, wakati alipokuwa akiingia Kidato cha Tatu na kuruhusiwa kuacha fizikia na kemia. Hakuna aliyemweleza siku ile kwamba alikuwa akifunga milango. Aliambiwa tu kwamba masomo hayo ni magumu, naye akashukuru kupunguziwa mzigo.

Chukulieni mfano wa msichana wa Kidato cha Pili katika shule mojawapo ya kata za ukanda wa dhahabu. Anapenda jiografia na hisabati, na akiulizwa husema kwamba angependa kupima viwanja na barabara. Fizikia anaiona ngumu, na mwalimu wa somo hilo ni mmoja kwa shule nzima. Basi anaiacha. Miaka miwili baadaye anaisikia tahasusi ya Fizikia, Jiografia na Hisabati, ambayo ndiyo njia iliyonyooka ya kwenda kusomea upimaji wa ardhi au jiolojia. Anaitaka, lakini hawezi kuiomba. Akigeukia uuguzi anakuta vyuo vya afya vinadai ufaulu wa kemia na baiolojia. Msichana huyu hakukosa akili wala juhudi. Alikosa mtu wa kumwambia neno moja kwa wakati wake.

Hilo ndilo jambo la msingi katika mazungumzo haya. Ushauri unaotolewa Kidato cha Nne umechelewa. Unapaswa kuanza Darasa la Sita na la Saba, na ufikie kilele chake Kidato cha Pili, wakati milango yote ingali wazi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kuliko zamani. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1964, ulilenga Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980. Katika zama zile serikali ilipanga idadi ya waganga, wahandisi na walimu waliotakiwa, na wahitimu wakapangiwa vyuo na kazi. Shule za sekondari nazo zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu; wakazi wa Shinyanga hadi leo huikumbuka Shycom kwa biashara. Kijana wa wakati huo hakuwa na hiari kubwa, lakini alipangiwa na watu waliokuwa na hesabu mkononi. Kijana wa leo ameachiwa hiari yote. Hesabu hakupewa.

Na hiari yenyewe imepanuka. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeweka mikondo miwili katika sekondari, mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Machi 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49 za Kidato cha Tano na cha Sita, zikaongezwa juu ya 16 zilizokuwapo, zikawa 65. Ni jambo la kushukuru. Lakini mtu asiyejua njia hasaidiwi kwa kuongezewa njia panda. Aidha, mwanafunzi anayepaswa kuingia mkondo wa amali anahitaji kujua tofauti ya mikondo hiyo kabla ya kukanyaga Kidato cha Kwanza. Yaani wakati wa kuamua umezidi kusogea nyuma, na ushauri hauna budi kuufuata huko huko.

Ndugu walimu, katika Shinyanga na Geita yupo mshauri mwingine, naye huwahi kufika kuliko mwalimu. Mshauri huyo ni duara. Mtoto wa Nyarugusu, wa Mwakitolyo au wa Kakola huona fedha ya machimbo kabla ya kumwona mtu mwenye stashahada. Kaka yake huponda mawe siku ya Jumamosi na kurudi na noti mfukoni. Jirani alipata mfuko mmoja wa mawe mazuri akanunua pikipiki. Wale mia waliochimba mwaka mzima bila kupata kitu hawapiti barabarani wakipiga honi.

Mwalimu anayeyatukana machimbo mbele ya watoto hawa hupoteza bure maneno yake, kwa sababu familia nyingi zinakula, zinavaa na zinalipa michango ya shule kutokana na dhahabu. Linalofaa ni kuwaeleza mambo mawili kwa ukweli.

La kwanza ni hatari. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, na Geita na Kahama zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochunguzwa. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu, ikichomwa, hutoa mvuke unaoharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huumia zaidi kuliko mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumia mtoto katika kazi za hatari, na kazi ya migodini ni mojawapo.

La pili ni umri wa mgodi. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katikati yake ilipita miaka zaidi ya thelathini. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na kumaliza uzalishaji mwaka 2021. Mtoto aliyeanza Darasa la Kwanza mwaka ule wa kufunguliwa alimaliza Kidato cha Nne mwaka 2019, na hakupita muda mgodi ukafungwa. Aliyeufahamu mgodi huo tu alibaki na sifa ya kuwa aliwahi kufanya kazi pale. Aliyekuwa na cheti cha umeme, cha kuchomea vyuma au cha upimaji aliweza kukichukua cheti chake akaenda kubisha mlango mwingine. Mgodi una mwisho, ujuzi haufungwi pamoja nao.

Kwa hiyo mtoto anayeipenda kazi ya dhahabu asikatazwe kuipenda. Aonyeshwe watu walioko ndani ya ule uzio anaoupita kila asubuhi: mjiolojia, mpimaji, fundi umeme, fundi mitambo, mtaalamu wa maabara anayepima kiasi cha dhahabu katika jiwe, muuguzi wa zahanati, mhasibu wa ghala. Kanuni za mwaka 2018 zinayataka makampuni ya madini yawape Watanzania nafasi ya kwanza katika ajira. Lakini kanuni haiwezi kumpa kazi ya maabara mtu aliyeacha kemia Kidato cha Pili.

Sasa ni zipi njia ambazo mwanafunzi anapaswa kuzifahamu mapema? Zipo nne, na kila mwalimu anaweza kuzichora ubaoni kwa kipindi kimoja.

Njia ya kwanza ni Kidato cha Tano na cha Sita, miaka miwili, kisha chuo kikuu. Inamfaa mwenye ufaulu mzuri katika masomo matatu yanayokwenda pamoja. Ada yake katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022.

Njia ya pili ni vyuo vya kati vinavyosimamiwa na NACTVET. Mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini huweza kuanza astashahada, akaendelea hadi stashahada, kwa kawaida katika miaka mitatu, mradi masomo aliyofaulu yawe yale yanayotakiwa na fani yake. Wazazi wengi hawajui kwamba mwenye stashahada yenye alama nzuri anaweza kuendelea na shahada. Anapita njia nyingine na anafika pale pale, tena akiwa na ujuzi wa kumlisha njiani. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Yapo madini Dodoma, ufundi Arusha na Dar es Salaam, na hapo hapo Shinyanga ipo Kizumbi, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Njia ya tatu ni VETA. Shinyanga ina chuo chake, na Geita nayo inacho. Chuo cha VETA Moshi kimewahi kufundisha mafundi wa migodini kwa kushirikiana na makampuni yenyewe.

Njia ya nne ni ya aliyekatizwa: mtihani wa kujitegemea, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na baadaye Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992.

Mwalimu anapozichora njia hizi, asizipange kama ngazi, ya kwanza juu na ya mwisho chini. Katika andiko la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule iliyokuwa ikimwandaa mtoto kwa ajili ya kuchaguliwa tu iliwaacha wengi wasiochaguliwa wakijiona wameshindwa. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado anayekwenda VETA husemwa mtaani kwamba amefeli. Kijana anayejua kutengeneza pampu ya maji katika kijiji cha Mbogwe hakufeli. Waliofeli ni wale wanaompuuza hadi siku pampu yao inapoharibika.

Neno maalumu linahitajika juu ya wasichana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kumwoa mwanafunzi. Novemba 2021 serikali ilifungua tena milango ya shule kwa wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito. Sheria humlinda binti, lakini mzazi hushawishika zaidi akiona mwisho wa safari. Baba aliyekwisha kuambiwa idadi ya ng'ombe wa mahari ana hesabu kamili kichwani. Akiambiwa tu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha hana hesabu ya kulinganisha nayo. Aelezwe kwamba binti huyu, akishikilia masomo ya sayansi, atamaliza Kidato cha Nne mwaka fulani, stashahada ya uuguzi mwaka fulani, na gharama zake ni kiasi fulani. Hapo mazungumzo huwa ya watu wawili wenye hesabu.

Hesabu hiyo iende na majira. Katika vijiji vya pamba fedha huonekana kuanzia Mei, soko linapofunguliwa. Kidato cha Kwanza huanza Januari, wakati ghala linapungua na jembe liko shambani. Mkutano wa wazazi unaofanyika wakati wa mauzo ya pamba, na wenye kumweleza mzazi mahitaji ya Januari, una thamani kuliko mikutano mitatu ya Desemba. Na ufanyike kwa lugha wanayoielewa wazee. Kisukuma hakijawahi kumzuia mtoto kufaulu fizikia.

Kazi yenyewe haihitaji bajeti mpya. Shule ibandike ubao mmoja wenye kazi ishirini za mkoani na masomo yanayotakiwa kwa kila moja. Mwalimu wa ushauri na unasihi apewe vipindi katika ratiba, maana jina bila saa ni pambo. Kila muhula waalikwe watu wawili wa jirani, nesi wa kituo cha afya, fundi wa umeme, bwana shamba, wakaeleze walisoma nini na wapi walijikwaa. Daftari moja litunzwe la kuandika kila mhitimu alikokwenda, ili mwaka unaofuata mtoto asikie habari za kaka yake wa shule ile ile. Na kabla mwanafunzi wa Kidato cha Pili hajaacha somo lolote, aitwe, aonyeshwe milango inayofungwa na somo hilo, na mzazi wake apewe habari. Akiliacha baada ya hapo, atakuwa ameliacha kwa kujua.

Watumishi wa halmashauri nao wana sehemu yao. Hakuna ushauri utakaompa mtoto fizikia isiyokuwa na mwalimu. Afisa elimu anayepanga walimu wa sayansi, na afisa anayesimamia fedha za huduma kwa jamii kutoka migodini, wajue kwamba maabara isiyokuwa na vifaa humchagulia mtoto njia kabla hajaulizwa.

Ndugu walimu, maji yakimwagika hayazoleki. Fomu ya Kidato cha Nne itaendelea kuja kila mwaka, na watoto wataendelea kuijaza. Kazi iliyo mbele ya kila shule, kutoka Shinyanga Mjini hadi Bukombe, ni kuhakikisha kwamba mtoto akiipokea anaandika jambo alilokwisha kulijua, kulipima na kulifanyia kazi tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Hapo ndipo itakapokuwa halali kusema kwamba kijana amechagua.