Nguo Kuukuu na Kitambaa Chake
Mazungumzo kwa akina mama, mafundi na vijana wa Mtwapa



Nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, Marekani na Asia hufika Kenya kwa meli, zimebanwa katika marobota, na kushushwa katika bandari ya Kilindini. Robota hilo ndilo mtumba, na siku hizi nguo zenyewe zimepewa jina hilo. Mitumba mingi hufunguliwa katika soko la Kongowea, na kutoka huko nguo husambaa kwa kufuata barabara ya Malindi: Mtwapa, Kikambala, Kilifi, hata vijiji vilivyo mbali na barabara.

Mnunuzi afikapo penye fungu la nguo huchagua ile imkaayo mwilini na kuiacha nyingine. Suruali ya mtu mnene, shati lililochakaa kola, gauni refu la mtindo uliopita, shuka lililotoboka katikati: hizo ndizo hubaki mpaka jioni, na bei yake hushuka. Lakini ajuaye kushona huziangalia kwa jicho jingine. Yeye hatafuti nguo, atafuta kitambaa. Na nguo zilizokataliwa na wengi mara nyingi ndizo zenye kitambaa kingi kuliko zote. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi kitambaa hicho kiwezavyo kuvisha watoto wa nyumba, na hata kuleta fedha kidogo, kwa mwenye sindano, mkasi na subira.

Kazi ya zamani

Wako wanaodhani kwamba kushona nguo mpya kutoka kwa ya zamani ni aibu, au ni dalili ya umaskini. Historia ya pwani hii haikubaliani nao. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika habari za Waislamu wa Sofala, kusini kabisa mwa pwani yetu. Alisema kwamba walifuma nguo za pamba nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuzitia. Basi walichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule pamoja na wao mweupe. Huko Pate nako wafumaji walizifumua nguo za hariri zilizoletwa na majahazi, wakafuma zao wenyewe zilizopendwa sana pwani nzima. Watu hao hawakuwa maskini. Walikuwa mafundi waliojua kwamba nguo ya mgeni ni mali ghafi mikononi mwa mwenyeji.

Leso nayo ina habari kama hiyo. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja vimeungana katika jora. Badala ya kuvitenga kimoja kimoja, walikata vitatu vitatu, wakaunga safu mbili, na vitambaa sita vikawa vazi moja. Neno leso lenyewe latokana na Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Na hando ya akina mama wa Kimijikenda ni nini, kama si kitambaa cha dukani kilichokatwa na kukunjwa marinda mengi, kikawa vazi lisilofanana na lolote huko kilikotoka?

Hata mataifa yenye viwanda vikubwa yamepata kulazimika kufanya hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliamuru mwaka wa 1941 kwamba nguo zinunuliwe kwa kuponi, na amri hiyo haikuondolewa mpaka mwaka wa 1949. Mwaka wa 1943 kilitolewa kijitabu cha kuwafundisha watu kutengeneza nguo zao kuukuu. Hapa Kenya, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilichoanzishwa mwaka wa 1952 kiliweka ushonaji miongoni mwa mafunzo yake ya kwanza, pamoja na upishi na malezi ya watoto.

Neno juu ya mafundi

Hapana budi kusema pia kwamba mitumba imewaumiza wengi. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, fundi wa kijijini aliyezoea kushona mashati mapya ameona wateja wake wakienda sokoni. Viwanda vikubwa vya nguo, kama kile cha Kicomi huko Kisumu, vilifungwa.

Mwaka wa 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba na mwishowe kuikomesha. Kenya ilirudi nyuma mwaka wa 2017. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka wa 2018 Marekani ikaiondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia huko bila ushuru. Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya ilizuia mitumba isiingizwe kwa miezi kadhaa, na wauzaji wengi wakakaa bila bidhaa.

Mambo hayo yafunza kitu kimoja. Robota la nguo huja au halijii kwa amri za watu walio mbali na Mtwapa. Ujuzi wa mkono haupandi meli, wala hautozwi ushuru. Fundi ajuaye kupunguza, kugeuza na kuunga ana kazi mitumba ikiwapo, na ana kazi ikikosekana, maana siku hiyo watu watakumbuka nguo zilizo sandukuni mwao.

Jinsi ya kufanya

Kwanza ni kuchagua. Nguo ikunjuliwe na kuinuliwa mbele ya mwanga wa jua, palipokonda pataonekana. Makwapa, magoti, makalio na kola huchakaa mbele ya sehemu nyingine, kwa hivyo mgongo wa shati na sehemu ya chini ya suruali mara nyingi huwa nzima. Kwa joto la pwani yafaa kuchagua pamba. Asiyeweza kuitambua kwa mkono na achomoe uzi mmoja auchome kwa kiberiti, mbali na nguo yenyewe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha chembe ngumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua.

Pili ni kufua. Nguo ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatwa, ili kama ina tabia ya kurudi, irudi sasa na si baada ya kushonwa. Ianikwe kwenye kamba, isitandazwe chini, kisha ipigwe pasi pande zote mbili. Wako inzi watagao mayai katika nguo mbichi, na funza wao huingia katika ngozi ya mtu. Pasi ya moto huyaua.

Tatu ni kufumua. Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka. Mwenye kukata kando ya mshono hupoteza kitambaa kila upande. Mwenye kuufumua kwa wembe au ncha ya mkasi hupata kitambaa chote. Vifungo, zipu na lastiki nzima viwekwe katika kopo. Kitambaa kilichofichwa ndani ya mshono huwa na rangi yake ya kwanza, na upande wa ndani wa nguo wakati mwingine ni mzuri kuliko wa nje.

Nne ni kupima na kukata. Vipimo vikatwe kwanza katika karatasi. Hata gazeti hili likishasomwa lafaa kwa kazi hiyo. Karatasi ilazwe kwa kufuata nyuzi za kitambaa zinazokwenda wima, maana nguo iliyokatwa mshazari bila kukusudiwa hujipinda ikifuliwa. Yaachwe kama sentimita 2 za mshono, na kwa nguo ya mtoto pindo la sentimita 5, ili mwakani lishushwe badala ya kununua nyingine. Kisha vipande vipigwe bandi kwa mkono na mtoto avishwe. Bandi hufumuliwa kwa dakika moja. Mshono wa cherehani hufumuliwa kwa saa nzima, na kosa la mkasi halifumuliwi kamwe.

Mifano michache

Shati la mwanamume latosha gauni la mtoto mdogo. Likatwe chini ya makwapa, na ule upande wenye vifungo uachwe kama ulivyo, uwe mbele au mgongoni. Hivyo mshonaji ameepukana na kazi ngumu kuliko zote, yaani kushona matundu ya vifungo.

Suruali iliyochakaa magoti hukatwa juu ya magoti, ikawa kaptura ya mvulana, na vipande vya chini vikatoa mifuko na viraka. Kama rangi yake yapatana na ya shule, mtoto hatarudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Kola iliyochakaa hufumuliwa, ikageuzwa, ikashonwa tena mahali pake, na shati likaendelea kuvaliwa. Shuka lililokonda katikati hupasuliwa kwa urefu, kingo zake zilizo nzima zikaungwa pamoja zikawa katikati, na sehemu dhaifu zikaenda pembeni. Makoti mazito, ambayo Mtwapa hayana mvaaji, hutoa mikoba imara na vitambaa vya kushikia sufuria. Fulana zinazovutika ni ngumu kwa mwanafunzi. Na asianze nazo.

Hesabu

Mwenye kushona ili auze na aandike kila kitu. Chukueni mfano huu. Shati limenunuliwa kwa shilingi 50, uzi na lastiki shilingi 20, makaa ya pasi shilingi 10. Jumla shilingi 80. Gauni likiuzwa kwa shilingi 100, mshonaji hufurahi kuwa amepata shilingi 20. Lakini kama alishona kwa saa 3, kila saa imemlipa chini ya shilingi 7. Huko ni kujipunja. Basi na ashone magauni manne kwa mkato mmoja ili saa zipungue, au afanye kazi nzuri itakayostahili bei kubwa zaidi.

Anayeshona kwa ajili ya nyumba yake ana hesabu nyingine. Faida yake ni ile fedha isiyotoka: bei ya gauni asilolinunua, ikabaki kwa unga, dawa au daftari. Na yako mafao yasiyoandikwa. Msichana au mvulana akaaye karibu na mama akifumua na kupiga bandi amekwisha kuanza kujifunza ufundi, kabla hajafika katika chuo chochote.

Waliotangulia walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kola ya leo ikigeuzwa leo, shati litafika mwakani. Kila nyumba ina nguo moja iliyokunjwa na kusahauliwa kwa sababu haimkai mtu. Na itolewe, ifuliwe na kufumuliwa, ijulikane ina kitambaa kiasi gani.