Dawa ya Kweli Hupimwaje?

Wananchi, mnamo 1990 Rais Daniel arap Moi alitangaza Kemron, dawa ya Ukimwi kutoka KEMRI. Wagonjwa walisimulia jinsi walivyopata nafuu, na nchi ikashangilia. Lakini utafiti wa mwanzo haukuwa na kundi la kulinganisha. Baadaye, nchini Uganda, wagonjwa wengine walipewa dawa yenyewe, wengine kidonge kitupu, bila wao wala madaktari kujua nani kapewa nini. Tofauti haikuonekana.

Naam, hata wanasayansi hukosea; ila kazi yao hukaguliwa na wengine. Muuzaji wa “dawa ya magonjwa yote” sokoni aulizwe: ililinganishwa na nini? Nani mwingine ameipima? Akijibu kwa ushuhuda tu, mgonjwa asiache ARV zake. Vituo vya afya vya umma huzitoa bila malipo.