Utepe Unavuliwa, Jina Halivuliwi



Leo sina hotuba ndefu. Nataka tuongee kuhusu lile zoezi ambalo wengi wenu mmeliona kwenye video: watoto darasani wanagawanywa kwa rangi ya macho.

Aliyelianzisha ni Jane Elliott, mwalimu wa darasa la tatu mjini Riceville, jimbo la Iowa, Marekani. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Kesho yake mwalimu huyu akawaambia wanafunzi wake, wazungu watupu, kwamba wenye macho ya rangi fulani ndio bora. Hao wakapewa mapumziko marefu, wengine wakanyimwa. Baadaye akageuza, wa chini wakawa juu.

Zuri lake ni nini? Kwanza, lilionyesha kwamba ubaguzi hauko damuni. Unafunzwa, tena haraka. Marafiki walianza kutukanana siku hiyohiyo. Pili, lilionyesha dharau inavyomrudisha mtu nyuma. Katika filamu ya 1970, kundi moja lilimaliza kadi za kusoma kwa dakika 5 na nusu siku lilipodharauliwa. Siku lilipopandishwa, dakika 2 na nusu. Akili ni zilezile.

Lakini tusilimeze zima zima. Wale watoto walidanganywa na mtu waliyemwamini kuliko wote pale shuleni. Waliulizwa kama wanataka kujaribu, wakakubali, lakini hawakujua kinachowangoja.

Na mimi nina kosa langu. Nililijaribu kwenye semina yetu moja. Nusu ya vijana niliwafunga utepe wa kijani, wakakaa nyuma, chai wakapewa mwisho. Dada mmoja akainuka, akatoka. Nikamfuata. Akaniambia, "Kaka, nimeenda kuomba kitambulisho mara nne. Nimeulizwa karatasi za babu yangu. Sasa utepe wa nini tena?"

Sikuwa na jibu. Nilimuomba msamaha, na leo naomba tena mbele yenu.

Alinifunza mambo mawili. Zoezi hili lilitengenezewa watoto ambao hawajawahi kubaguliwa kwa rangi yao. Ukimletea anayebaguliwa kila siku, unamtonesha kidonda. La pili, utepe unavuliwa saa kumi jioni, jina halivuliwi. Tena darasani mbaguzi ni mwalimu mmoja mkali. Kule ofisini karani anaweza kukusalimia vizuri, akakukaribisha kiti, na bado ukarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu utaratibu wenyewe ndio umepinda.

Kwa hivyo, anayetaka kulitumia, alipeleke kwa wale ambao hawajawahi kuulizwa babu yao alizaliwa wapi. Awaeleze mapema, na kama ni watoto, wazazi waombwe ruhusa. Atakayesema hataki, aachwe. Na muda wa kuzungumza baadaye uwe mrefu kuliko zoezi lenyewe.

Sisi wenyewe hatuhitaji kuigiza. Semina ijayo hakuna utepe. Kila mtu aje na daftari: tarehe uliyorudishwa, ofisi gani, uliambiwa nini, karatasi gani ilidaiwa. Tutaandika pamoja, moja baada ya nyingine. Kilio kinasahaulika, lakini rekodi ina mahali pa kupelekwa.

Yule dada amekubali kuwa wa kwanza kusoma yake. Tuje tumsikilize.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.