Mchana wa Saumu na Usiku wa Futari: Mhadhara wa Umma juu ya Ramadhani na Siha ya Watu wa Mrima



Watu wa pwani hii ya Mrima, tangu zama ambazo hapana aliye hai azikumbukaye, wameihesabu miezi yao kwa saumu: mwezi unaoandama baada ya Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, unaofuata Mfunguo Pili, hata kufika Mfunguo Tisa, kisha huja Rajabu na Shaabani, na mwaka ukarejea kwenye mfungo wake. Basi si ajabu kwamba leo, ilhali matabibu wa Ulaya na Marekani wameshughulika mno na kufunga kwa vipindi, wakikusifu kuwa ni dawa ya unene na ya maradhi ya sukari, sisi nasi tuitazame saumu tuliyorithi, tuulize inaufanya nini mwili wa mvuvi wa Mlingotini na wa mama muuza samaki wa hapa mjini Bagamoyo, na ni mahali gani faida yake hupatikana au hupotea.

Jambo la kwanza ni urefu wa mchana wetu. Bagamoyo iko karibu digrii sita na nusu kusini ya Ikweta, na kwa sababu hiyo muda baina ya alfajiri na magharibi haupungui saa 13 wala haufiki saa 14, iwe Ramadhani imeangukia Juni au Desemba. Ndugu zetu walioko London, mwaka 2016 Ramadhani ilipowajia mwezi wa Juni, walifunga kupindukia saa 18, ilhali sisi siku zile zile tulifunga kama tunavyofunga siku zote. Kinachobadilika kwetu si saa bali ni hali ya hewa. Maana mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na katika miaka hii Ramadhani inarudi nyuma kuingia kipindi cha kaskazi, Februari, kisha Januari, kisha Desemba, wakati ambapo joto la pwani humkausha mtu hata aliyekaa kivulini, sembuse anayevuta nyavu au anayechota chumvi mashambani.

Ama kinachotendeka mwilini katika saa hizo 13, hakika yake ni hii. Mtu akisha kula daku, kongosho humwaga insulini, na ini likaweka akiba ya sukari, yapata gramu 100 kwa mtu mzima. Akiba hiyo hutumika kidogo kidogo tangu asubuhi, na kadiri jua linavyoinama insulini hushuka, mwili ukaanza kuyaendea mafuta uliyoyalimbika, hususan yale ya tumboni, na ini likageuza sehemu yake kuwa ketoni, ambazo hata ubongo huweza kuzitumia. Mgeuko huu huanza baada ya saa 12 hivi, upesi zaidi kwa mtu aliyefanya kazi na polepole kwa aliyelala. Kwa hiyo adhana ya magharibi ya pwani yetu humkuta mfungaji akiwa amefika mlangoni tu pa kuchoma mafuta, hajaingia ndani sana. Saumu yetu ni ya upole, na upole huo ni rehema kwa wengi, walakin maana yake ni kwamba kilichovunwa mchana ni kidogo, na usiku mmoja wa israfu watosha kukirudisha chote.

Hapa sina budi kusema neno juu ya madai yanayosikika siku hizi hata mimbarini, ya kwamba Profesa Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kubainisha jinsi chembe za mwili zinavyozila na kuzitumia upya sehemu zake zilizochakaa, ameithibitisha saumu ya Ramadhani. Profesa huyo alizichunguza chembe za hamira zilizonyimwa chakula, hakuwachunguza wafungaji. Mimi naona saumu, iliyofaradhishwa katika mwaka wa pili wa Hijra ili watu wapate kumcha Mungu, haihitaji kuegemezwa juu ya hamira, na wanaoitetea hivyo, ingawa nia yao ni njema, huiweka ibada katika hatari ya kuyumba kila elimu ya maabara inapogeuka.

Lililothibiti kwa wanadamu wenyewe ni dogo zaidi, na ni la kweli. Watu wengi wanaofunga Ramadhani hupungua kilo moja au moja na nusu, na wiki chache baada ya Idi uzito huo hurejea karibu wote. Kadhalika, uchunguzi uliofanywa China na kutangazwa mwaka 2022, ukiwafuata kwa mwaka mzima watu 139 wenye unene uliozidi, ambao wote walipunguziwa chakula, ulionyesha kwamba waliokula ndani ya saa 8 tu hawakuwashinda kwa jambo kubwa wale waliokula wakati wowote. Yaani saa peke yake hazifanyi kazi ikiwa sinia halikupungua. Tena mwili huipokea sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, na Ramadhani huuhamishia mlo wetu usiku. Ndiyo maana nadai kwamba siha ya mfungaji wa pwani huamuliwa baada ya jua kuchwa.

Tuutazame basi mkeka wa futari. Juu yake kuna muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi zilizopikwa, kunde na mbaazi, mchuzi wa samaki, na uji wenye pilipili manga. Kando yake kuna kaimati zilizozama katika shira, tambi za sukari, sambusa, maandazi, chapati, na jagi la juisi iliyokolezwa sukari. Sisemi kwamba kaimati ni uzushi, maana bibi zetu walizipika na mikono yao ibarikiwe. Nasema kwamba zilizokuwa kionjo zimekuwa mlo, na kwamba wanaozila zama hizi hawatembei kwa miguu hadi kijiji cha Kaole na kurudi. Kunde, mbaazi na samaki, ambavyo ndivyo vyakula vinavyoipandisha sukari ya damu taratibu na kumshibisha mtu kwa muda mrefu, huachwa mwisho, tumbo lilipokwisha kujaa wanga na shira.

Na dawa yake iko ndani ya sunna yenyewe: kufuturu kwa tende chache na maji, kisha kuswali magharibi, ndipo kuketi kula. Kipindi kile kifupi cha swala huupa mwili nafasi ya kutambua kwamba umepata kitu, na njaa ya macho ikapungua. Kadhalika sunna ni kuichelewesha daku hadi karibu na alfajiri. Lakini wengi wetu twala saa sita za usiku tukalala, na kwa kufanya hivyo twaiongeza saumu ya saa 13 kuwa ya 18 au zaidi, bila maji, katika joto la kaskazi.

Fauka ya hayo, umma unaofunga leo si ule wa zamani kwa maradhi yake. Uchunguzi ulioongozwa na Profesa Donald McLarty katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2012 ulikikuta kwa watu 9 katika kila mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa sawa, na ule wa kwanza haukuingia mijini, hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuifumbia macho. Katika safu za tarawehe, basi, wamo wenye kisukari, na wengine wao hawajijui.

Kwa hawa, saumu yaweza kuwa hatari. Uchunguzi wa mwaka 2001 katika nchi 13, wa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba katika Ramadhani kushuka kwa sukari hadi mtu akalazwa hospitali kuliongezeka karibu mara 5 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7 na nusu kwa wale wa aina ya pili. Anayetumia insulini au glibenklamidi yuko katika hatari kubwa kuliko anayetumia metformini peke yake, na kila mmoja wao yampasa kuonana na tabibu apangiwe upya kiasi na wakati wa dawa kabla mwezi haujaandama. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipanda kupita 16.6 katika kipimo, hapo ni kufungua, hata kama imebaki nusu saa.

Najua wazee watakaoniambia kwamba kujichoma kidole kutawafunguza. Katika madhhab ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, hata kupiga chuku, kunakotoa damu nyingi, hakumfunguzi mtu. Itakuwaje tone moja la kidoleni? Na Qurani, katika sura ya Al-Baqara, imempa mgonjwa rukhsa kwa maneno yasiyo na fumbo: mwenye maradhi ya kupona atalipa siku nyingine, na fukaha wamebainisha kwamba asiyetarajiwa kupona atatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Mgonjwa anayeikataa rukhsa hiyo kwa kuona haya mbele ya majirani hajazidi ucha Mungu; amejitia katika madhara aliyoepushwa nayo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa watafiti. Mji huu, kwa watoto wake na tawi la Taasisi ya Afya ya Ifakara lililopo hapa, ulishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Lakini katika zile nchi 13 za uchunguzi wa saumu hapana hata moja ya Afrika Mashariki, nami naomba watafiti wetu waipime saumu ya watu wa Ikweta, wanaokula muhogo wa nazi na kufanya kazi baharini, badala ya kuazima hesabu za Cairo na Karachi. Ombi la pili ni kwa maimamu. Tangu enzi za Sheikh Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya, aliyeletwa hapa mtoto katika utumwa, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria hata kufariki kwake mwaka 1931, neno la sheikh katika mji huu hufika mahali ambapo cheti cha daktari hakifiki. Matabibu wanataka mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo, na wakati huo kwetu ni Rajabu. Itangazwe, basi, kila Ijumaa ya Rajabu baada ya swala, kwamba wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na wajawazito waende kupimwa, na siku hiyo wauguzi wakae barazani pa msikiti na vipimo vyao.