Somo la Redio: Neno "Mlango"



Wapenzi wasikilizaji wa Kasongo, wa Kabambare na wa vijiji vyote vilivyo katikati, leo tutafundishana juu ya neno moja dogo la nyumbani. Twalitamka kila siku, na watoto hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Neno hilo ni mlango. Pengine mtu atauliza: "Mlango una nini cha kufundishwa katika katekismo?" Vumilieni kidogo. Neno hili limebeba maana nyingi, na moja kati ya hizo yatugusa sana katika maisha yetu na jamaa na jirani.

Kwanza: Neno hili latoka wapi?

Maneno mengi ya nyumba zetu ni wageni waliokaribishwa. Meza ni neno la Wareno. Kufuli na bawaba ni maneno ya Waarabu. Dirisha latoka kwa Waajemi, na kwao maana yake ilikuwa mlango mdogo. Maneno hayo yalifika Maniema pamoja na Kiswahili chenyewe, katika karne ya 19, kwa misafara ya wafanyabiashara waliotoka Unguja. Twajua misafara ile ilitafuta nini: pembe za ndovu na watumwa. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa mji wa utawala wake. Siku zile watu wengi walitolewa nyumbani mwao kwa nguvu, wakafungwa minyororo, wakapelekwa mbali. Waliokuja kuwachukua hawakupiga hodi.

Lakini neno mlango si mgeni. Ni la asili ya lugha zetu za Kibantu. Wanyarwanda husema umuryango, Waganda omulyango. Wabemba wa Zambia (si Wabembe wa Fizi, jirani zetu) husema umulyango. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja.

Tena sikilizeni vizuri. Mnyarwanda akitaja ubao unaofunga nyumba, hasemi umuryango, husema urugi. Mbemba naye husema icibi. Umuryango ni ule uwazi wenyewe, mahali pa kupita. Katika Kiswahili twachanganya vyote viwili kwa neno moja, lakini jamaa za neno hili zatufundisha kwamba mlango ni uwazi kwanza. Ubao huwekwa kwa ajili ya usiku, mvua na wezi. Nyumba yenye uwazi bila ubao ni nyumba bado. Nyumba yenye ubao usiofunguka kamwe ni kaburi.

Pili: Mlango ni watu.

Katika Kinyarwanda neno lile lile umuryango ni jina la jamaa na la ukoo. Katika Kiswahili pia, watu wa ukoo mmoja huitwa watu wa mlango mmoja. Kwa nini? Kwa sababu wote hupita mahali pamoja. Asubuhi hutokea hapo kwenda shambani, jioni hurudi hapo na kuni na mihogo. Bibi arusi huingizwa hapo kwa nyimbo, na maiti hutolewa hapo kwa machozi.

Basi, ukoo haukupewa jina la ukuta, wala la boma, wala la kufuli. Ulipewa jina la uwazi.

Wapenzi, hapa yatupasa kujipima. Mara nyingi mtu akisema, "Huyu ni wa mlango wetu," ataka kusema, "Yule mwingine asiingie." Tazameni mjane. Siku ya arusi mlango ulifunguliwa mbele yake, mahari yakatolewa, wazee wakambariki. Amepika katika nyumba ile, amezaa humo, amemwuguza mumewe humo. Mume akifa, ndugu huja na kusema: "Wewe si wa mlango huu. Toka." Wachukua vyungu, wachukua shamba, pengine wachukua hata watoto. Na wanaofanya hivyo wengine wamebatizwa, nao huimba misa kila Dominika.

Tazameni tena watu wanaokimbia vita na kufika kijijini mikono mitupu. Wasimama kando ya njia wakitazama nyumba moja baada ya nyingine. Hawajui lugha ya wenyeji, lakini neno moja wanalijua, nasi twalijua: hodi. Mtu akipiga hodi, ubao ukiwa wazi au umefungwa, akiri kwamba nyumba ina wenyewe, naye aomba. Kumnyima hata jibu ni kusahau jina la ukoo wetu.

Tatu: Maana nyingine.

Mlango ni sehemu ya kitabu: katika vitabu vingi vya zamani twasoma "mlango wa kwanza", "mlango wa pili". Waarabu nao hutumia neno moja, bab, kwa mlango wa nyumba na kwa sehemu ya kitabu. Mahali pembamba penye kuunganisha bahari mbili huitwa mlango wa bahari. Na macho, masikio, pua, ulimi na ngozi huitwa milango mitano ya fahamu. Zamani padri alipompaka mgonjwa mafuta matakatifu, alipaka macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu, akiomba msamaha wa dhambi zilizopita katika milango ile. Tangu utaratibu mpya wa Papa Paulo wa Sita, wa mwaka 1972, hupakwa paji la uso na mikono.

Nne: Yezu na mlango.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 10, Yezu ajiita mlango wa kondoo. Hakujiita ua wa zizi. Na katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 3, yeye mwenyewe asimama mlangoni na kubisha. Bwana wa mbingu na nchi apiga hodi kama mgeni. Hatumii nguvu, wala havunji.

Ndiyo maana Ubatizo huitwa mlango wa Sakramenti nyingine. Wakatekumeni walio wazima hupokelewa mlangoni pa kanisa, na kabla ya kuingia huulizwa wanataka nini kwa Eklezia. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Kungoja kwao hakukuwa kufukuzwa. Kulikuwa hodi ndefu.

Iko milango mingine. Karibu na Kongolo, mto Lualaba unabanwa kati ya mawe, na maji yake hukimbia kwa ukali. Wazungu walipaita Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu. Pale Kongolo, tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari. Bwana wetu alimwahidi Petro kwamba milango ya kuzimu haitalishinda Eklezia lake, na hata leo misa yasomwa Kongolo.

Na tarehe 29 Novemba 2015, Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu huko Bangui, Afrika ya Kati, katika nchi iliyokuwa vitani, kabla hajafungua ule wa Roma. Aliwafungulia kwanza watu waliofungiwa milango.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Maana ya asili ya mlango ni nini?
Jibu: Ni uwazi, mahali pa kupita.

Swali: Kwa nini ukoo huitwa mlango?
Jibu: Kwa sababu watu wake hupita mahali pamoja.

Swali: Je, mkristu aweza kumfukuza mjane kwa kusema si wa mlango wake?
Jibu: Hawezi. Aliyeingia kwa baraka ni wa mlango huo, na kumwonea mjane ni dhambi kubwa.

Swali: Yezu huingiaje moyoni?
Jibu: Hupiga hodi, hungoja tufungue.

Azimio la juma hili: Kila jamaa iangalie kama yuko mjane, yatima au mkimbizi aliyefungiwa nje. Wazee wa ukoo wakae pamoja, wamwite, na asikie kwa masikio yake neno moja: Karibu.

Mungu awabariki. Kwaherini.