Moyo na Chungu cha Nyumbani



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi mbele ya redio. Wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Adui wa leo hajifichi vichakani. Yumo chunguni, na jina lake ni lehemu.

Lehemu yenyewe si sumu. Ini huitengeneza, na mwili huihitaji. Lakini ikizidi katika damu hugandamana kwenye kuta za mishipa, njia ikasonga na moyo ukakosa damu. Wengi hawaoni dalili yoyote mpaka siku ya kuanguka.

Mafuta yanayoganda, kama samli na shahamu ya nyama, huizidisha. Tui zito la nazi nalo limo. Hii si hoja ya kukata minazi. Ni hoja ya kupikia tui jepesi, zito likangoja sikukuu.

Kinga haiko mbali. Uchunguzi wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996, uliwalinganisha wanakijiji wala samaki wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa na majirani zao wa milimani waliokula mimea. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi na lehemu pungufu.

Bahari ya Tanga i karibu na Pongwe. Kibua wa kuchemsha, maharage na mchicha ni ngao ya moyo. Wala mzigo huu usiachiwe akina mama peke yao: baba anayeleta nyama yenye shahamu naye ni mpishi.