Kazi ya Mzazi Haiishi Langoni mwa Shule



Kila Januari, katika vituo vya mabasi vya Kenya, huonekana jambo lile lile. Masanduku ya bati yameandikwa majina kwa rangi nyeupe, magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, ndoo zimejazwa sabuni na kandambili, na kando ya mizigo hiyo amesimama mtoto aliyevaa sweta mpya inayomzidi kidogo. Baba amekwisha kuuza mbuzi, mama amekwisha kupokea zamu yake ya chama, shangazi ametoa viatu. Orodha ya shule imefuatwa neno kwa neno, hata kufuli. Wakifika langoni karo hulipwa, jina huandikwa, mizigo hukaguliwa, na kabla ya saa tisa mzazi yumo safarini kurudi nyumbani, akimshukuru Mungu kwamba kazi imekwisha.

Walakini kazi haijaisha. Vilivyopelekwa shuleni ni vitu, habari hazikupelekwa. Mwalimu wa darasa amepokea mtoto asiyemjua hata kidogo, na mzazi amemwacha mtoto wake mahali asipopajua, isipokuwa lango na dirisha la karani. Kati ya hao wawili yupo kijana wa miaka kumi na mitano, naye ndiye anayetazamiwa kueleza kila kitu kwa kila mtu. Katika umri ule, kueleza ndiyo kazi asiyoipenda kuliko zote. Mtoto akitoroka shule mwezi wa Februari, mara nyingi hugunduliwa kwamba jambo lililomtorosha lilikuwa dogo, nalo lingaliondolewa kwa maneno machache kama mtu mzima mmoja angalilijua mapema.

Yafaa kukumbuka kwamba wanafunzi walioingia sekondari pevu, yaani gredi ya 10, mnamo Januari 2026, walikuta shule zenye hali isiyo ya kawaida. Mpango wa masomo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Watoto wa mwisho kufanya mtihani wa KCPE waliufanya mwaka 2023, wakaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Mwaka 2025 hapakuingia kidato cha kwanza kipya, kwa sababu wale waliofuata walikuwa bado katika gredi ya 9, katika sekondari ya msingi. Basi gredi ya 10 ilipofika, ilikuta shuleni kidato cha tatu na cha nne tu. Kidato cha pili hakikuwapo.

Pengine mtu atauliza, je, hilo lina neno gani? Lina neno kubwa. Desturi ya shule zetu ilikuwa kwamba mgeni humkuta mwenzake aliyekuwa mgeni mwaka uliopita. Kweli, hao wa kidato cha pili ndio waliokuwa wepesi kumtesa mgeni, wakilipiza yale waliyotendewa wao. Lakini ndio pia waliojua ni bomba lipi hutoa maji alfajiri, ni mwalimu gani hupendelea daftari safi, na ni mahali gani mtu aweza kulia bila kuonekana. Gredi ya 10 ya mwaka 2026 ilikosa watu hao. Wakubwa walioikuta walikuwa wakisoma masomo ya mpango wa zamani, na baadhi yao walikuwa na mtihani wa KCSE mbele yao. Kwa hiyo mzigo wa kumwongoza mgeni, ambao zamani ulibebwa na mwenzake, uliwaangukia walimu na wazazi. Ni wachache waliowaambia wazazi hivyo.

Tena wengi wa watoto hao walitoka katika sekondari za msingi zilizo ndani ya viwanja vya shule za msingi, karibu na nyumbani. Walikwenda asubuhi na kurudi jioni. Huko walikuwa wakubwa wa shule nzima, na watoto wa chekechea waliwapisha njiani. Siku moja tu wakageuka kuwa wadogo kuliko wote, tena katika bweni.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, siku ile ya kumpeleka mtoto, asiondoke mpaka ameonana na watu wawili: mwalimu wa darasa na mlezi wa bweni. Kama hawapo, aandike barua na kuiacha ofisini katika bahasha iliyofungwa. Humo aeleze yale ambayo mtoto hatayasema. Mtoto mwenye pumu, je, mwalimu wa michezo anajua? Mwenye kifafa, je, wenzake wa kitanda cha jirani wameambiwa la kufanya akianguka usiku? Mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli, nao umeenea sana Magharibi, Nyanza na Pwani, anahitaji kunywa maji mengi na kukingwa na baridi. Akilazimishwa kuoga maji baridi alfajiri aweza kuzidiwa kwa maumivu kabla ya jua kuchomoza. Wako pia watoto wa umri huo ambao bado hukojoa kitandani. Si ajabu wala si uvivu, na hakuna jambo jingine linalomtia mtoto hofu ya bweni kuliko hilo. Mlezi akijua, atampa kitanda cha chini karibu na mlango na kumwamsha kimya kimya usiku. Asipojua, bweni zima litajua kabla ya Jumapili.

Mambo ya nyumbani nayo yasemwe. Kama baba alifariki Desemba, mwalimu aambiwe. Kama mtoto analelewa na nyanya yake, shule ijue, ili mwalimu asiulize mbele ya darasa kwa nini mama hakuja.

Pili, umbali. Siku hizi mtoto hupangiwa shule mbali na kaunti yake, na faida yake ni kubwa, kwa kuwa Mturkana na Mgiriama hukaa dawati moja. Lakini mtoto wa Garissa au Lamu aliyepelekwa Limuru au Nyandarua hajaonja baridi ya Julai ya nyanda za juu, na blanketi moja la orodha halimtoshi. Mtoto aliyezoea wali na samaki hukutana na githeri siku tatu kwa juma. Mwislamu atataka kujua mahali pa kusalia na jinsi daku litakavyopatikana wakati wa Ramadhani; mzazi aulize hayo ofisini kabla mtoto hajalazimika kuuliza mwenyewe. Na lugha pia: anayetoka mahali ambapo watu wote husema lugha moja, husikia wenzake wakisema lugha nyingine bwenini usiku na kucheka, akadhani wanamcheka yeye.

Habari ziende pande zote mbili. Wazazi wengi huona vema kumficha mtoto mambo ya nyumbani ili asisumbuke katika masomo. Nia hiyo ni njema, lakini matokeo yake huwa mabaya. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliingia Alliance High School mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari. Alisimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyomaliza muhula wa kwanza, akarudi kwao Limuru, akakuta nyumba za kwao hazipo tena, zimebomolewa, na watu wamehamishiwa kijiji kipya. Alisimama pale na mzigo wake asijue pa kwenda. Mambo ya miaka ile yalikuwa makubwa kupita uwezo wa mzazi yeyote, na hakuna wa kumlaumu mama yake. Lakini mtoto wa leo ambaye familia yake imehama chumba Kayole, au ambaye ng'ombe aliyempenda ameuzwa kwa ajili ya karo yake, hana sababu ya kuyajua hayo ghafula mlangoni. Na aambiwe. Mtoto anayejua kwamba ataambiwa kila jambo husoma kwa utulivu; anayeshuku kwamba anafichwa hulala akiwaza nyumbani.

Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kukaa na simu za mkononi, mzazi apatane na mwalimu wa darasa siku na saa ya kuongea na mtoto, hata kama ni dakika tano tu. Katika mazungumzo hayo, swali la "umekuwa wa ngapi?" lingoje. Maswali yenye kuleta habari ni madogo: Unakula na nani? Jina la mwenzako wa kitanda cha juu ni nani? Mtoto asiyeweza kutaja jina la mwenzake hata mmoja baada ya majuma matatu, huyo aangaliwe.

Juu ya mateso ya wageni, lazima yasemwe waziwazi. Katika shule nyingi mgeni huitwa "mono", huambiwa afue nguo za wakubwa, achote maji yao, atoe sukari na pesa zake. Wako akina baba wanaocheka na kusema kwamba hata wao walipitia hayo, nayo yaliwafanya kuwa wanaume. Yamkini yaliwafanya hivyo. Tena yako mengine ambayo hawayasemi. Sheria haicheki. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa kwa njia yoyote, ya mwili au ya akili. Dalili zake mzazi aweza kuziona: vitu vinavyopotea mara kwa mara, pesa zinazoombwa kila juma, tumbo linaloumwa kila Jumapili jioni, na mtoto aliyekuwa msemaji akawa anajibu "sawa" tu. Akiona hayo, aende shuleni mwenyewe, kwa adabu, amwone mwalimu wa darasa kwanza, halafu mwalimu mkuu. Asimtume mtoto amshitaki mwenzake peke yake. Na mtoto afundishwe kwa moyo namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya.

Liko jambo moja la kutazama kwa macho siku ile ile ya kwanza. Mzazi aombe kuliona bweni. Mwezi wa Machi 2001 moto uliwaua wavulana 67 katika bweni la shule moja ya Machakos. Na Septemba 2024 wengine 21 walifariki katika shule moja ya Nyeri. Kanuni za usalama wa shule zilizotolewa mwaka 2008 zataka milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, iwepo kila upande, isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Mzazi aliyekagua ukubwa wa kufuli la sanduku asione haya kukagua mlango wa mahali mtoto wake atakapolala.

Mtoto wa shule ya kutwa naye asisahauliwe, kwa maana watu hudhani kwamba akirudi nyumbani jioni hana shida ya ugeni. Kwa kweli anayo mara mbili. Tangu mwaka 2008 Serikali hulipia masomo ya shule za kutwa, na mwaka 2018 kiasi kilichopangwa kwa kila mwanafunzi kikawa shilingi 22,244 kwa mwaka. Lakini hakuna hazina inayolipia mwanga wa taa wala saa za usiku. Msichana anayefika saa kumi na mbili jioni, akachota maji, akapika, akawalaza wadogo zake, hufungua kitabu saa nne akisinzia, na asubuhi huambiwa mvivu mbele ya watu asiowajua. Muhula huu wa kwanza kaka zake wachote maji. Hawatadhurika.

Masomo yenyewe yamegawanyika katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo, na kila mwanafunzi huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Mtoto akiona kwamba njia aliyowekwa siyo, hunyamaza kwa kuogopa maneno ya baba aliyekwisha kuwatangazia jirani kwamba mwanawe atakuwa daktari. Mzazi amwulize mapema, tena kwa sauti ambayo jibu la kweli laweza kutoka.

Halafu yaja mapumziko ya katikati ya muhula, mwishoni mwa Februari. Mtoto hurudi amekonda kidogo, sauti imebadilika, ana maneno mapya ambayo hakuna nyumbani anayeyaelewa. Wageni wasialikwe siku hiyo. Apewe maji ya moto, chakula alichokikosa, na alale mpaka achoke kulala. Kesho yake, akisaidia kumenya viazi au kufunga mbuzi, ndipo huanza kusema mwenyewe, kidogo kidogo. Anayesikiliza aendelee na kazi yake asimkatize. Na siku ya kurudi, yule aliyempeleka Januari ampeleke tena ikiwa nauli ipo, aingie naye mpaka kwa mwalimu wa darasa, na kumwambia yale aliyoyasikia.